Bafle sita, maneno hayasikiki: historia ya sauti ya filamu mpaka Ndosho

Ndosho, Goma – Ukipita Birere maduka yakiwa wazi, huwezi kukosa kuona boksi kubwa za homthieta zimepangwa moja juu ya nyingine. Kwenye boksi kuna picha ya familia imekaa kwenye kochi, bafle tano ndogo na moja kubwa ya besi, maandishi ya 5.1, na namba ya wati yenye sifuri nyingi. Wakaaji wa Ndosho wanaotafuta chombo cha kutazamia filamu nyumbani huuliza kwanza maswali mawili: ina wati ngapi, na ina bafle ngapi?

Ni maswali ya haki. Lakini ukifuata historia ya sauti ya filamu, ile ya dunia na ile ya huku kwetu, utaona kwamba swali lingine lilitangulia siku zote: je, watu wanasikia na kuelewa yanayosemwa? Makala hii inafuata swali hilo tangu siku za sinema bubu mpaka kwenye nyumba zetu za mbao, ili anayetaka kununua ajue anacholipia.

Jambo lenyewe si la anasa. Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, na tangu hapo pesa ya mkononi imekuwa ya kutafuta. Mtu anayenunua chombo cha sauti wakati kama huu anatoa akiba ya miezi. Akidanganywa na boksi, hasara inabaki nyumbani kwake.

Sinema ilianza bila sauti, lakini haikuwa kimya

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Filamu hizo hazikuwa na sauti. Kwa zaidi ya miaka thelathini iliyofuata, sinema nyingi duniani zilikuwa hivyo, lakini ukumbi wenyewe haukuwa kimya. Kulikuwa na mpiga piano au bendi, na mahali pengine kulikuwa na mtu wa kueleza.

Huko Japani mtu huyo aliitwa benshi. Alisimama kando ya turubai, akasimulia hadithi, akaigiza sauti za wanaume, wanawake na watoto. Benshi wengine walipata sifa kuliko waigizaji wenyewe, na watu walichagua ukumbi wa kwenda kwa kuangalia nani anasimulia siku hiyo. Yaani, miaka mia moja iliyopita, mtu aliyetafuta sauti nzuri ya filamu alikuwa anatafuta msimulizi mzuri.

Mwaka wa 1927, filamu ya *The Jazz Singer* ilionyeshwa New York, na watu wakasikia mwigizaji akiimba na kusema maneno machache. Sauti ile haikuwa ndani ya filamu. Ilikuwa kwenye santuri iliyozungushwa sambamba na mashine ya picha. Sindano ikiruka, mdomo unakwenda huku na maneno yanakwenda kule. Ndiyo maana baada ya miaka michache viwanda viliacha santuri na kuichapa sauti kwenye ukingo wa filamu yenyewe.

Hatua hiyo iliondoa tatizo moja na kuleta jingine. Sauti iliyochapwa kwenye filamu haiwezi tena kuachana na picha, lakini pia haibadiliki. Filamu ikisema Kiingereza, itasema Kiingereza Nairobi, Bukavu na Tokyo. Kwa mtu asiyejua lugha hiyo, filamu yenye sauti inaweza kuwa bubu kuliko ile ya zamani.

Santuri za Vugiri na wafafanuzi wa mapadri

Katika Afrika ya Mashariki, Waingereza walilikuta tatizo hilo mapema. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walitengeneza filamu fupi za mafundisho juu ya kilimo, afya na akiba, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Wakati dunia ilikuwa imekwisha kuacha santuri, watu wa Vugiri walirudi kwenye santuri kwa makusudi. Filamu moja iliweza kusafiri na santuri ya Kiswahili hapa na santuri ya lugha nyingine pale. Kwa upande wa ufundi walichagua njia iliyokuwa imepitwa na wakati, ili mtazamaji aweze kuelewa.

Katika Congo ya Wabelgiji kazi hiyo ilishikwa sana na mapadri. Padri Alexandre Van den Heuvel alianzisha kituo cha sinema cha Kikatoliki mjini Léopoldville mwaka wa 1946. Huko Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za vichekesho za Matamata na Pilipili, ambazo wazee wengi wa Congo wanazikumbuka mpaka leo. Huku Kivu, mapadri wa White Fathers walikuwa na kazi yao ya filamu Bukavu. Filamu zilionyeshwa nje, usiku, kwenye turubai jeupe, na mara nyingi mfafanuzi Mcongomani alishika maikrofoni akaeleza kwa lugha ya mahali.

Tusiipambe historia hiyo. Utawala wa kikoloni ulikuwa na sheria za kuchuja filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kutazama, na waliotengeneza filamu hizo waliwahesabu watazamaji wao kama watoto wa kufundishwa. Lakini mfafanuzi alikuwa mtu wa mahali. Alijua utani wa wenyeji, alijua ni wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza, na mkubwa asiyejua lugha vizuri hakuweza kulipima kila neno. Sauti ambayo watu wa huku waliizoea kwenye filamu ilikuwa ya mtu waliyemwelewa, na ilitoka kwenye bafle moja tu.

Bafle zilivyoongezeka, na kwa nini

Wakati huohuo, Ulaya na Marekani, mafundi walikuwa wanapambana na jambo lingine. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI anasimuliwa kuwa alitoka sinema akilalamika kwamba mwigizaji anatembea kutoka upande mmoja wa turubai mpaka mwingine, na sauti yake imebaki palepale. Desemba 1931 aliandikisha hati ya uvumbuzi wa sauti ya pande mbili, ile tunayoiita sterio.

Mwaka wa 1940 Walt Disney alitoa filamu ya *Fantasia* pamoja na mfumo ulioitwa Fantasound, wenye bafle mbele na pembeni mwa ukumbi. Ilisifiwa sana, lakini vyombo vyake vilikuwa ghali na vizito mno, hata ni kumbi chache tu zilizoweza kuvifunga. Mwaka wa 1953 filamu ya *The Robe*, ya turubai pana la CinemaScope, ilikuja na njia nne za sauti: kushoto, katikati, kulia, na moja ya ukumbini.

Hapa kuna jambo la kushika. Kwa nini waliweka bafle ya katikati, wakati sterio inaweza kufanya kazi na mbili? Kwa sababu ukumbi ni mpana. Mtu aliyekaa upande wa kushoto husikia zaidi bafle ya kushoto, na maneno ya mwigizaji aliye katikati yatamjia kutoka pembeni. Bafle ya katikati iliwekwa ili maneno yatoke mdomoni mwa anayesema, kwa kila aliyeketi. Tangu hapo, katika filamu nyingi, mazungumzo karibu yote hupita katikati. Kushoto na kulia hubeba muziki na mwendo wa vitu, bafle za nyuma hubeba mvua, ndege na makelele ya watu, na ile kubwa ya besi hubeba mishindo.

Mwaka wa 1977 *Star Wars* iliutangaza mfumo wa Dolby Stereo duniani. Mwaka wa 1992 *Batman Returns* ilitoka na sauti ya kidijitali ya njia sita, na 1993 *Jurassic Park* ikatumia mfumo wa DTS. Hiyo ndiyo maana ya 5.1: njia tano kamili, na moja ya besi peke yake.

Nyumbani mambo yalikwenda polepole. Dolby Surround ya nyumbani ilianza 1982, na haikuwa na bafle ya katikati: ilikuwa kushoto, kulia na nyuma. Watu walipata makelele ya nyuma kabla ya kupata maneno ya mbele. Kosa hilo lilisahihishwa 1987 na mfumo wa Pro Logic, ulioweza kuchukua sauti iliyo sawa kushoto na kulia na kuipeleka katikati. DVD ilipotoka Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani 1997, njia sita kamili zikaingia sebuleni. Mwaka wa 2012 Dolby Atmos iliongeza bafle za darini.

Walilia na bafle moja

Mtu anaweza kupinga hoja yetu ya maneno na kutaja filamu za Kihindi. Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, watu walijaza kumbi kutazama filamu za Kihindi bila kujua lugha hiyo. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa Royal tangu 1921, na filamu kama *Awaara* ya 1951 ilipendwa na watu walioimba nyimbo zake bila kuelewa kila neno. Basi maneno si kila kitu?

Ni kweli, maneno si kila kitu. Lakini angalia kilichowashika. Ilikuwa sauti ya binadamu ikiimba, iliyowekwa mbele ya vinanda vyote. Na karibu filamu zote za Kihindi za wakati ule zilikuwa na njia moja ya sauti. *Sholay* ya 1975 ilisifiwa kwa sababu ilileta sauti ya njia nyingi, jambo ambalo bado lilikuwa geni India. Kabla ya hapo, watu wa pwani walicheka na walilia kwa bafle zilizobeba njia moja tu. Iwe mazungumzo au wimbo, sauti ya mtu ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Kaseti, VCD, na msimulizi aliyerudi

Kaseti ya VHS ilitoka Japani 1976, na katika miaka iliyofuata ilibadilisha maisha ya mitaa ya Afrika ya Mashariki na Congo. Televisheni moja, deki moja, mabenchi na jenereta nyuma ya ukuta: hiyo ilitosha kuwa sinema. Deki za kawaida zilitoa njia moja ya sauti, na jenereta nayo ilikuwa na sauti yake. Filamu zilikuwa za karate za Hong Kong, za vita za Marekani, na baadaye za Nigeria. Watazamaji wengi hawakujua Kichina wala Kiingereza.

Hapo msimulizi alirudi. Kampala walimwita VJ, na majina kama VJ Jingo yakawa makubwa kuliko ya waigizaji. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, mwanajeshi wa zamani, aliyeweka Kiswahili juu ya filamu za kila aina na kuziuza kwenye kaseti na baadaye kwenye diski. Kenya kuna DJ Afro. Ng'ambo ya mpaka wetu, Rwanda, filamu zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda zinaitwa agasobanuye, na Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga, alikuwa mmoja wa walioitangaza kazi hiyo. Kutoka Gisenyi mpaka Goma ni hatua chache, na filamu hazisimami kwenye kizuizi.

Chombo cha msimulizi ni maikrofoni, miksa na kidole chepesi. Anaposema, anashusha sauti ya filamu. Anaponyamaza, anaipandisha ili mlipuko au wimbo usikike. Anafanya kwa mkono kazi ambayo fundi wa Hollywood anaifanya kwenye studio: kuhakikisha maneno hayafunikwi. Tofauti ni kwamba matokeo ya msimulizi huhifadhiwa kwenye njia mbili tu, kushoto na kulia, na mara nyingi sauti yake iko sawa katika zote mbili. VCD, zilizojaa masokoni kabla ya DVD, nazo zilikuwa na njia mbili. Faili nyingi zinazouzwa leo kwenye funguo za USB na kadi za simu ni hivyohivyo.

Katika mji wetu kuna pia watu walioichukulia sinema kama kazi ya kujisemea wenyewe. Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa waliifanya Goma iwe na tamasha la filamu la Salaam Kivu, ambalo baadaye liliitwa Congo International Film Festival, na filamu zimeonyeshwa mbele ya wakaaji hapahapa mjini. Hapo pia, filamu inayosema Kiswahili chetu inamfikia mama wa mtaa hata kama vyombo ni vya kawaida.

Kilichomo ndani ya boksi

Sasa turudi kwenye boksi la Birere. Historia hii inatupa mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni filamu unazotazama. Ukitazama filamu iliyosimuliwa, au faili la simu lenye njia mbili, bafle sita hazitakupa njia sita. Ampli itarudia sauti ileile huku na kule, au itaigawanya kwa kukisia. Bafle za nyuma zitakuwa zinamrudia msimulizi mgongoni mwako. Kwa nyumba ya namna hiyo, bafle mbili nzuri za mbele zinafaa kuliko sita dhaifu kwa bei ileile. Ukiwa tayari una seti ya sita, tafuta kwenye rimoti hali ya Pro Logic: itamchukua msimulizi, aliye sawa kushoto na kulia, na kumweka bafle ya katikati.

La pili ni bafle ya katikati yenyewe. Katika seti za bei ndogo, hiyo mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo inayobeba mazungumzo. Iangalie na uisikilize kabla ya nyingine. Isifichwe nyuma ya kitambaa kizito wala ndani ya kabati. Iwe chini au juu ya televisheni, ikiwaelekea waliokaa. Kama ampli ina sehemu ya kupandisha bafle moja moja, pandisha ya katikati kidogo kabla ya kugusa sauti yote.

La tatu ni wati. Namba zenye sifuri nyingi huandikwa pamoja na herufi PMPO, na hazina kanuni moja ya kuzipima. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Kama hazikuandikwa, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha kinachukua wati ngapi za umeme. Chombo kinachochukua wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu kumi kwa kuendelea. Tena, ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inapaswa kuongezeka karibu mara kumi. Kutoka wati 50 kwenda 100 ni tofauti ndogo sana sikioni, hata kama ni kubwa kwenye bei.

La nne ni umeme wenyewe. Goma imeishi kwa miaka na umeme wa Ruzizi unaokatika, kisha ukaja pia umeme wa Virunga, ambao kituo chake cha Matebe, Rutshuru, kilianza kazi 2015. Vita na mgao bado vinaukata, na unaporudi unaweza kurudi kwa kishindo. Ampli ni kati ya vitu vinavyokufa kwanza. Chomoa umeme unapokatika, na weka ndani ya bajeti yako chombo cha kutuliza umeme kabla ya kuweka bafle ya sita. Anayetumia betri na sola aangalie zaidi kibandiko cha nyuma kuliko maandishi ya mbele.

Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano

Vitabu vya maelekezo vya homthieta vinachora chumba kikubwa chenye kuta nzito na zulia. Ndosho tunajua hali yetu. Nyumba nyingi ni za mbao, zimekaa juu ya mawe ya volkano, paa ni la bati, na jirani yuko upande wa pili wa ubao.

Bati huleta mvua ndani ya kila filamu. Mvua ikianza, mazungumzo yanapotea, mtu anapandisha sauti, na milipuko inakuwa mikubwa kupita kiasi. Ampli nyingi na hata televisheni zina hali ya usiku, ambayo hushusha milipuko na kuinua sauti ndogo. Iliwekwa kwa ajili ya wanaotazama wengine wakiwa wamelala, lakini inafaa sana chini ya bati. Pazia nene, godoro lililosimamishwa, mkeka na nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi katika chumba chenye sakafu na kuta tupu. Havina gharama kama bafle mpya.

Besi ni jambo la ujirani. Sauti nyembamba husimamishwa kwa kiasi na ukuta, lakini besi hupita kwenye ubao kana kwamba haupo, na husafiri chini kwenye sakafu. Bafle ya besi ikiwekwa kwenye kona, chumba kinaikuza. Iondoe konani, iweke juu ya kipande cha mpira au sponji, na uishushe mpaka uisikie tu inapokosekana. Wewe unaona ni filamu, lakini mama wa nyumba ya pili anasikia mishindo bila picha. Katika mji uliosikia mabomu 2012 na tena 2025, mishindo bila picha saa nne za usiku si mchezo. Watoto wanaamka, wazee wanatafuta viatu.

Na sisi wenyewe tunahitaji masikio yetu. Nyiragongo ilimwaga lava mpaka katikati ya mji Januari 2002, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Anayeishi hapa anapaswa kuweza kumsikia jirani anayegonga mlango. Kuna pia afya: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kama unapaswa kupaza sauti ili aliye kando yako akusikie, sauti imekwisha kuwa kubwa mno.

Jaribu kabla ya kulipa

Usikubali kujaribiwa chombo kwa wimbo alioweka muuzaji. Wimbo wenye besi nyingi unaweza kufanya chombo chochote kionekane kizuri kwa dakika mbili. Beba ufunguo wako wa USB wenye filamu unayoijua, pamoja na ile iliyosimuliwa ambayo familia yako hutazama.

Chagua sehemu ambayo watu wanazungumza kwa sauti ya chini. Omba besi izimwe kabisa, kisha sauti ishushwe. Je, unafuata mazungumzo? Mwambie uliyefuatana naye asimame pembeni, aseme kama anaelewa. Ndipo besi irudishwe, uone kama maneno yamefunikwa. Pandisha mpaka sauti unayotumia nyumbani, usikilize kama inakwaruza. Mwisho uliza kama vipuri vinapatikana mjini na kama kuna fundi anayekifahamu chombo hicho, maana barabara na uwanja wa ndege si vya kutegemea siku hizi.

Kama pesa haitoshi kwa seti nzima, anza na ampli nzuri na bafle mbili, uongeze nyingine baadaye. Televisheni bapa zina bafle nyembamba zinazotazama chini au nyuma, kwa hiyo hata bafle mbili za zamani zilizo salama, zilizowekwa mbele, zitaleta mabadiliko makubwa.

Bibi asiyejua Kiingereza ana haki ya kucheka pamoja na wajukuu wake filamu inapochekesha. Wale wa Vugiri na wafafanuzi wa mapadri walijua hivyo, na msimulizi wa mtaani anajua hivyo. Ukiwa dukani Birere, mfikirie yeye kabla ya kusoma namba kwenye boksi.

Wewe unatumia chombo gani nyumbani, na kwenu mlitazama filamu wapi kabla ya simu? Wazee wa Ndosho, Katoyi na Majengo wanaokumbuka maonyesho ya zamani na wafafanuzi wake, tunawaomba mtuandikie. Tutakusanya kumbukumbu zenu kabla hazijapotea.